Kisu cha Kukunja na Cherehani Kilichopakwa Samli

Nilikinunua Biharamulo, katika duka la bibi mmoja ambaye babu zake walitoka pwani kufanya biashara ya chumvi na nguo, wakakaa moja kwa moja. Mradi wa ushonaji niliokuwa nikiufanyia kazi ulikuwa umenituma kuchukua nyuzi na vifungo, na lori letu lilikuwa linajazwa mafuta. Bibi alikuwa nyuma ya kaunta, ushungi wake umekaa sawasawa, anapanga kufuli kutoka kubwa hadi ndogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatafuta nini?"

"Mkasi mdogo. Na bisibisi ya cherehani. Na kitu cha kufungulia makopo."

"Una mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi chukua kimoja." Akavuta droo, akatoa kitu kinene cha kukunja, chenye mpini wa rangi ya maharage mekundu. "Hiki kimekaa humu muda mrefu. Wanaume wanakishika, wanacheka, wanasema ni cha kuchezea. Kinangoja mtu mwenye akili."

Nikamuuliza kama inafaa mwanamke kutembea na kisu.

"Kwani ndizi unamenya na nini? Ulimi?"

Nikakichukua. Njiani kurudi Ngara, huku lori likirukaruka, nilikifungua kipande kimoja kimoja kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Kulikuwa na kisu chenyewe, mkasi, kifungua kopo chenye ncha ndogo ya bisibisi, kifungua chupa chenye ncha pana, na msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu. Pembeni mwa mpini nilichomoa kibano kidogo upande mmoja, na upande wa pili kijiti cha kuchokolea meno.

Nyumbani Mbuba mama alikuwa anapukuchua maharage. Alikitazama bila kukigusa.

"Mchumba akija, akaona mambo haya kiunoni, atageuza baiskeli yake."

"Akigeuza nitamkazia breki. Bisibisi ipo."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini nilipomnyooshea kisu akitazame vizuri, alirudisha mkono wake nyuma. "Weka chini," alisema. Kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Unakiweka chini au juu ya meza, na mwenzako anakiokota mwenyewe. Mama alitulea akisema kuwa wanaopokezana kisu mkononi watagombana kabla mwezi haujaisha. Nilikiweka juu ya ungo, naye akakiokota, akafungua kila kipande, akakirudisha juu ya ungo. "Kitakusaidia," alisema, kana kwamba ndiye aliyekichagua.

Kilinisaidia kweli, na ningependa kueleza jinsi kilivyonisaidia, kwa sababu watu wengi wakikiona kifaa cha aina hii hudhani kimetengenezwa kwa ajili ya safari kubwa na hatari kubwa. Mimi nilikitumia kwa mambo madogo. Nilikata nacho kamba za magunia. Nilikaza skrubu ya miwani ya katekista wetu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akisoma huku ameishikilia kwa kidole. Nilitoboa mkanda wa mtoto aliyekuwa amekonda, ukamkaa kiunoni. Kibano ndicho kilichofanya kazi kuliko vyote. Kiangazi, vumbi la kwetu lina funza, na funza akiingia chini ya ukucha humtoi kwa vidole. Unamfungulia njia taratibu kwa ncha kali, kisha kwa kibano unamtoa mzima na kifuko chake cha mayai, bila kumpasua. Mama mkubwa wangu wa Nyakisasa alikuwa akituma ujumbe sokoni kwamba anakuja kunisalimia, na kila mtu alijua kuwa anakuja na miguu yake.

Mkasi wa kisu hiki haushindi mkasi wa fundi. Bisibisi yake ni fupi, na ukiikaza sana mpini unakuumiza kiganja. Ila mkasi wa fundi uko nyumbani kwa fundi, na hiki kiko kwenye pindo la kitenge chako. Kazi nyingi ndogo za siku hazifanyiki kwa sababu tu kifaa kiko mbali.

Miaka ile Ngara ilikuwa imejaa watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Vilima nilivyovijua tangu utotoni, vya nyasi na ng'ombe, vilikuwa vimefunikwa na maturubai ya plastiki, moshi wa asubuhi umetanda juu yake kama ukungu. Malori ya mahindi yalipita barabara ya Kabanga mchana kutwa. Makopo ya mafuta ya kula yalifunuliwa, yakanyooshwa, yakawa milango. Shirika moja lililofanya kazi katika kambi lilitafuta msichana anayejua cherehani na anayeweza kuongea na Warundi. Mimi nilikuwa nimejifunza ushonaji kwa masista, na Kihangaza chetu kinaelewana na Kirundi bila mkalimani. Nikapewa ufunguo wa ghala la mabati lenye vitambaa na nyuzi, na kikundi cha wanawake wa kushona waliokaa chini ya turubai mbele ya ghala hilo.

Katika siku za mwanzo kabisa za kikundi hicho nilileta robota la kitambaa mbele yao. Lilikuwa limefungwa kwa utepe mgumu. Nilichomoa kisu changu, nikakifungua kwa kidole gumba kwa haraka, kama nilivyozoea. Springi yake ilikuwa bado mpya. Ilipiga *ta*.

Mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja, mrefu, wa umri wa kama dada yangu mkubwa, alikuwa amesimama tayari, ameshika mkono wa binti yake, na kigoda chake kilikuwa kimeanguka. Hakupiga kelele. Alinitazama mkononi, akatazama njia ya kutokea, akanitazama tena mkononi. Nilikunja kisu, nikakata utepe kwa mkasi, nikichukua muda mrefu. Mimi sikuuliza. Watu wale walikuwa wameona waliyoyaona upande wa pili wa mpaka, na haikuwa kazi yangu kuwafukulia.

Tangu siku ile nilijiwekea utaratibu. Mbele ya kikundi nilianza kila mara na mkasi, kipande kisichomtisha mtu. Kisha nilikiweka kisu mezani hivyo hivyo, mkasi tu ukiwa wazi, kila mtu akione. Kisu chenyewe, yaani ule ubapa, sikuufungua tena pale. Kama kazi iliuhitaji, niliingia ghalani.

Baadaye likaja tangazo la sare. Shule za kambini zilihitaji mashati na sketi, na shirika liliamua zishonwe na wakimbizi wenyewe. Masharti yalikuwa mawili. Uje Jumamosi na cherehani chako mwenyewe, kinachoshona. Na ushone kola na mfuko mbele ya msimamizi. Atakayefaulu atakuwa na kazi muda wote wa kushona sare, na huenda akaendelea baada ya hapo.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, yule mwanamke mrefu alikuja na mzigo kichwani, umefungwa kwa kitenge. Aliutua mezani kwangu kama mtu anayelaza mtoto.

"Mwaramutse, mwalimu."

"Mwaramutse, mama. Umetuletea nini?"

Akafungua. Kilikuwa cherehani cha mkono, cheusi, chenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Nilishika gurudumu nizungushe. Halikusogea hata kidogo.

"Kimekwama," alisema. "Mume wangu alinipa nilipojifungua huyu." Binti alikuwa amejificha nyuma ya sketi yake. "Yuko wapi sasa, sijui. Hiki kiko hapa. Kuna mtu wa Kabanga anayenunua vyuma. Nimemwambia aje Jumamosi mchana. Kikishona asubuhi, atarudi mikono mitupu. Kisiposhona, nakitoa. Siwezi kuendelea kubeba jiwe."

Mambo yalikuwa wazi kabisa, kwake na kwangu. Nikainama kuangalia ndani. Kwanza ikanijia harufu. Ilikuwa harufu nzito, tamu, iliyochacha kidogo, na nilihisi ninaijua lakini si kwenye mashine.

"Mama, ulikipaka nini?"

Akajinyoosha. "Mavuta ya ng'ombe. Mazuri, ya nyumbani kwetu."

Wanawake waliokuwa wakikata vitambaa wakaacha kukata.

"Samli?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Ndani yote?"

"Kila mahali palipokuwa na tundu."

Mmoja wao akasogea, akanusa, akasema kwa sauti ya kanisani, "Cherehani hiki kinanukia bibi harusi."

"Mpeni kanga," akadakia mwingine. "Mchumba yuko njiani kutoka Kabanga."

Walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akanieleza. Vurugu zilipoanza, walilala porini kwa muda, wakirudi nyumbani kwa kunyemelea. Aliona hawezi kukimbia na cherehani. Akachimba shimo katika shamba la migomba ili akizike mpaka mambo yatulie. Alijua chuma ardhini hushika kutu. Nyumbani kulikuwa na kibuyu cha samli, ile iliyowekwa kwa ajili ya ngozi ya mtoto mchanga na kwa mgeni wa heshima. Akaipaka yote, akaviringisha cherehani kwa majani makavu ya mgomba, akafukia. Mambo hayakutulia. Usiku wa kuondoka alirudi, akakifukua, akakibeba mpaka Tanzania.

Sikuweza kumlaumu. Katika nyumba inayofuga ng'ombe hakuna kitu kilicho juu ya samli, na alikuwa amekipa kitu alichokipenda kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kutu, kwa kweli, haikuwepo. Lakini samli si mafuta ya mashine. Mafuta ya mashine ni mepesi na hubaki mepesi. Samli ikikaa kwenye hewa miezi na miezi, inashika vumbi, inaganda, inageuka gundi. Cherehani kile kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kimegundishwa tu.

"Kitapona?" aliniuliza.

"Hakina ugonjwa. Tukikisafisha kitazunguka."

Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa kuliko niliokuwa nao.

Nilitoa kisu changu, nikafungua mkasi kwanza, nikakiweka mezani. Kisha tukaanza. Kwa bisibisi ndogo nilifungua kibati cha pembeni, pale sindano inapopandia. Skrubu ya chini ilikuwa imejaa udongo mgumu. Nilichokoa mfereji wake kwa msharasi mpaka ukaonekana, nikabadilisha, nikatumia ile ncha pana ya kifungua chupa, nikaikandamiza kwa uzito wa mwili wote. Ikatoa mlio mdogo, ikakubali. Ndani samli ilikuwa ya rangi ya kahawia, imeng'ang'ania kila kiungo. Nilimpa yeye kijiti cha kuchokolea meno, mimi nikashika kibano. Yeye anakwangua, mimi nachomoa: nyuzi za zamani, vumbi lililoshikana, vipande vya jani la mgomba vyembamba kama unywele.

Tulimimina mafuta ya taa kidogo kidogo kwa unyoya wa kuku. Nilimfundisha kungoja. Mafuta ya taa hayafanyi kazi kwa kulazimishwa. Unayaweka, unayaacha yajipenyeze, unarudi. Tulikiacha hivyo mpaka siku iliyofuata, kimeinamishwa juu ya kopo ili uchafu udondoke.

Kesho yake gurudumu lilisogea robo ya mzunguko, likagota. Tukarudia. Robo, likagota. Ijumaa pia, robo, likagota mahali pale pale. Wanawake walianza kukipita kwa heshima ya msibani. Mtu wa vyuma alikuwa ameonekana njiani.

Niliwaambia, na ninawaambia hadi leo wanaojifunza kwangu, kwamba mashine inayogota mahali pamoja inakueleza mahali pa kutafuta. Nilitoa bati la chini ya sindano, nikatoa kibweta cha bobini, nikatafuta mwanga. Ndani kabisa, kwenye mfereji wa mviringo ambamo kibweta huzungukia, kulikuwa na tabaka la samli iliyokauka, nyembamba na ngumu kama ukucha. Msharasi ulikuwa mnene mno kuingia. Kijiti cha meno kilipinda. Ncha ya mkasi haikufika. Kitu pekee kilichokuwa chembamba kiasi hicho, na kirefu kiasi hicho, kilikuwa kisu chenyewe.

Nilikishika kikiwa kimefungwa. "Mama," nikasema, "nikipeleke kidogo ghalani, kuna mwanga mzuri zaidi."

Ghala la mabati halikuwa na dirisha. Alilijua hilo kama mimi.

"Fungulia hapa," alisema.

Nilikigeuza kisu kiganjani bila kukifungua.

"Mukobwa, msichana wewe, unafikiri sijakuona unavyokificha? Kila siku mkasi, mkasi." Wenzake walijifanya hawasikii. "Mimi namenya ndizi kila siku. Nina kisu kikubwa kuliko hicho, kiko kwenye kikapu. Siogopi kisu."

"Siku ile ulisimama."

"Ule mlio," alisema. "Ule wa ghafla. Fungua polepole."

Nilijaribu, lakini springi ya kisu kile ilikuwa na tabia yake. Ukifika katikati inajimalizia yenyewe. Nikakikunja tena kabla haijapiga. Yeye akagonga meza kwa kidole, mahali wazi karibu na cherehani. Nikakiweka pale. Akakiokota. Alibana ubapa kati ya vidole viwili na kuushikilia muda wote, akauvuta taratibu sana, na springi ilipotaka kuruka aliizuia kwa nguvu ya vidole, mpaka ubapa ukakaa mahali pake kimya. Sikujua kama inawezekana. Nilikuwa nimekimiliki muda wote ule bila kujua.

Akainama juu ya cherehani, akakwangua mwenyewe. Alifanya kazi kama mtu anayetoa funza kwenye mguu wa mtoto aliyelala. Tabaka lile lilitoka kidogo kidogo, vipande vya rangi ya asali, na mimi nikavidaka kwa kibano. Alipomaliza alifuta ubapa kwa pindo la kitenge, akaukunja, akakiweka kisu mezani. Tukadondoshea mafuta ya mashine, ya kweli safari hii, tone moja kila tundu. Akashika mkono wa gurudumu.

Lilizunguka. Mwanzo kwa uzito, kisha kwa sauti ile ya cherehani kizima ambayo mtu aliyekulia karibu na fundi anaijua hata akiwa usingizini. Hakuacha kuzungusha. Alizungusha bila uzi wala kitambaa, na binti yake akaja akaweka kiganja juu ya meza ili asikie mtetemo.

Jumamosi asubuhi alishona kola. Msimamizi aliigeuza, akavuta pembe zake, akairudisha, akampa kitambaa cha mfuko. Alipomaliza mfuko, msimamizi alisema, "Njoo Jumatatu." Halafu akanusa hewani, akatutazama sisi wote. "Nani amepika hapa?"

Mmoja alificha uso ndani ya robota la kitambaa.

Mtu wa Kabanga alifika mchana, akisukuma baiskeli yenye gunia la mabaki ya masufuria. Akalisalimia kundi, akatazama cherehani, akamtazama mwenye nacho akiwa ameketi mbele yake.

"Mama, nimefuata mzigo wangu."

"Umechelewa, kaka. Mzigo umeajiriwa."

"Umeajiriwa vipi, ni chuma."

"Wewe je, si nyama? Mbona unafanya kazi?"

Alicheka, maana hakuwa mtu mbaya, akainama kugeuza baiskeli. Hapo mwanamke yule akaona gunia lake limeachia mshono upande mmoja, sufuria zinachungulia.

"Utazimwaga kabla hujafika Kabanga. Lete hapa."

Mtu yule akamwaga sufuria chini, akampa gunia. Mwanamke alilikunja pale palipoachia mara mbili na kulipitisha taratibu, akizungusha kwa mkono wa kulia na kuongoza kwa wa kushoto. Ilikuwa kazi nzito kwa cherehani kile, na nilitaka kumwambia aache, lakini kilimeza gunia lile kama kilikuwa na njaa. Alipofika mwisho wa mshono, macho yake yakiwa bado kwenye sindano, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwangu, kiganja wazi.

Meza ilikuwa imejaa vitambaa. Hapakuwa na mahali pa kukiweka kisu. Nilikitoa kwenye pindo la kitenge, nikakiweka kwenye kiganja chake, mkono kwa mkono.

Akaufungua ubapa kwa njia yake ile ya kimya, akakata uzi.